Barua kwa Mwanangu: Kikombe cha Dereva wa Garimoshi

Mwanangu mpendwa,

Mama yako na mimi tunakusalimu sana. Huku St. Louis, Marekani, baridi imeanza kulegea na afya zetu ni njema, tunamshukuru Mungu. Picha za duka lako la Mwanza zilitufikia, nasi tumezitazama kila jioni wiki nzima: viti vitatu, vioo virefu, na jina lako juu ya mlango. Mama yako alilisoma jina hilo kwa sauti, akanyamaza kitambo, kisha akasema kwamba mtoto wa kinyozi amekuwa kinyozi, na machozi yakamtoka.

Uliponipigia simu wiki iliyopita ulinilalamikia jambo moja ambalo limenikaa moyoni. Ulisema wapo wateja wasiokubali kuguswa na mashine ya dukani, kila mmoja ananyolewa kwa mashine yake, na sasa saba kati yao wamechoka kuibeba huku na huko na wameiacha kwako, hata droo ya chini haifungi. Ukaniuliza kama utakosea ukiwaambia waje wazichukue. Siku ile sikukujibu. Jibu langu limo ndani ya boksi hili, na ninakuomba usilifungue kabla hujaisoma barua hii mpaka mwisho.

Ndani mna kikombe cha kauri nyeupe, kifupi na kipana, chenye mkono mmoja. Mbele yake imechorwa injini ya garimoshi pamoja na behewa lake la makaa, moshi ukirudi nyuma, na magurudumu yamepakwa rangi nyekundu na mtu mwenye subira, maana ukikisogeza karibu na jicho utaona kila spoku imechorwa peke yake. Juu ya garimoshi limeandikwa jina la mwanamume kwa herufi za dhahabu zenye mikia mirefu, utalisoma mwenyewe. Kipindue, utaona herufi T na V pamoja na neno Limoges, maana yake kauri yenyewe ilichomwa Ufaransa. Kisha tazama pale mkono wa kikombe unapoanzia, mahali ambapo mstari wa dhahabu umefifia hadi weupe ukabaki mtupu: hapo ndipo lilipokaa dole gumba la kinyozi kila alipokishika ili akoroge povu. Ndani, karibu na kitako, kuna duara hafifu la rangi ya chai lililoachwa na sabuni, nami nimekataa kulisugua.

Nilikikuta katika duka la vitu vya kale, nikakinunua kwa bakshishi za wiki tatu. Vilikuwapo vingine vyenye maua na ndege, vya bei nafuu, lakini nilipoliona garimoshi nilimkumbuka marehemu babu yako, aliyetumikia karakana ya reli pale Tabora mpaka alipostaafu, na ambaye maisha yake yote hakukubali kunyolewa na mtu mwingine isipokuwa kinyozi mmoja chini ya mwembe.

Kikombe hiki, mwanangu, hakikuwa cha kunywea. Tangu Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vilipokwisha mwaka 1865 hadi kufikia miaka ya 1920, mwanamume wa mji wa Marekani mwenye kipato cha kuridhisha hakujinyoa ndevu nyumbani kama sisi tunavyofanya leo, bali alikwenda kwa kinyozi wake mara mbili au tatu kwa wiki, na wengine kila siku, kwa sababu wembe wa zamani ulikuwa kisu kirefu cha kukunja kilichotengenezwa Sheffield au Solingen, nao ulihitaji mkono uliofundishwa na kunolewa kila siku kwenye mkanda wa ngozi. Mteja wa kudumu alikuwa na kikombe chake chenye jina lake, ambacho hakikuondoka dukani. Ukutani palikuwa na kabati la vishubaka, kila kishubaka na kikombe chake, na mteja alipoingia kinyozi alinyoosha mkono akakichukua kile kinachomhusu bila kuuliza. Ukiziangalia picha za maduka hayo unaweza kukumbuka zidaka za nyumba za kale za Lamu, zilizopangwa sahani za kauri ili mgeni azione, isipokuwa hapa kilichopangwa ukutani kilikuwa majina ya watu.

Safari ya kikombe chenyewe ilikuwa ndefu. Vikombe vyeupe visivyo na pambo vilikuja kwa meli kutoka Limoges, kutoka Ujerumani na kutoka nchi za dola ya Austria, vikapokelewa na kampuni zilizowauzia vinyozi vifaa. Mojawapo ya kampuni kubwa kabisa ilikuwa hapa hapa St. Louis, iliyoanzishwa mwaka 1874 na Ernest Koken, na kupamba vikombe vya wateja kulikuwa miongoni mwa kazi zake za mwanzo, kabla jina lake halijavuma kwa viti vya kinyozi vya kupanda na kushuka. Kule Chicago alikuwapo Theodore Kochs, mshindani wake. Kinyozi alikuwa na katalogi ya michoro; mteja alichagua mchoro, akaliandika jina lake kwa usahihi, na agizo likapelekwa kwa posta. Mchoraji alipaka rangi na dhahabu juu ya kauri ambayo tayari ilikuwa na mng'aro, kisha kikombe kikarudishwa tanurini kwa moto mdogo kuliko ule wa kwanza, na ndiyo maana dhahabu hiyo inaweza kusuguliwa na dole gumba ikaisha, ilhali kauri yenyewe imedumu zaidi ya miaka 100.

Vikombe vilivyonivutia zaidi ni hivi vilivyochorwa kazi ya mtu. Mchinjaji alichorewa kichwa cha fahali pamoja na visu vyake, mkulima jembe la kukokotwa na farasi, mpiga simu za maandishi mtambo wake wa shaba, mwenye baa kaunta na chupa zilizopangwa nyuma yake, na mzishi gari la kubebea majeneza. Wengine waliweka alama za vyama vyao, kama bikari na pembe-mraba ya Frimasoni au pete tatu za mnyororo za Odd Fellows. Leo wakusanyaji hulipa fedha nyingi kwa kazi zilizokuwa adimu, na wachinjaji, kwa kuwa walikuwa wengi, bei yao ni ya kawaida. Mimi naona kwamba mchinjaji aliyelipa ili fahali wake apakwe dhahabu na kuwekwa ukutani karibu na kikombe cha mwenye benki alikuwa anasema jambo kubwa kuhusu kazi yake, na kinyozi aliyekiweka pale alikuwa anakubaliana naye.

Hebu fikiria Jumamosi jioni katika duka kama hilo. Mlangoni kuna nguzo ya mistari myekundu na myeupe. Ndani kuna harufu ya bay rum, ile dawa ya majani yenye kileo iliyopakwa baada ya kunyoa, ambayo ilihifadhiwa katika chupa za kioo cha rangi zilizopangwa mbele ya vioo. Wanaume wamekaa kwenye viti vya kungojea, magazeti yanazunguka mkono kwa mkono, habari za uchaguzi na za bei ya ngano zinajadiliwa, na mara nyingi mtu huanza wimbo wengine wakaudaka kwa sauti nne. Uimbaji huo wa vinyozi, ambao Wamarekani wengi hudhani ulianza kwa Wazungu, una mizizi katika maduka ya vinyozi Weusi wa Kusini mwa Marekani. Mteja akilala kitini, kinyozi hutia maji ya moto katika kikombe chake, ambacho kipande cha sabuni kimeshindiliwa kwenye kitako, akazungusha brashi mpaka povu linasimama lenyewe kama ute wa yai uliopigwa. Taulo ya moto huwekwa usoni kwanza. Kisha povu, kisha wembe kwa kufuata ndevu zinavyolala, kisha povu tena na wembe kwa kuzirudi. Kazi hiyo ninaijua mikononi mwangu, nawe umeniona nikiifanya. Iliyobadilika tangu siku zile ni bei, maana wakati huo ndevu zilinyolewa kwa takriban senti 10.

Sababu ya kila mtu kuwa na kikombe chake ilikuwa pia ya afya. Watu waliogopa maradhi ya ngozi yaliyowapata wanyolewa, vipele vyenye usaha kwenye mashina ya ndevu, ambayo waliyaita mwasho wa kinyozi, na waliamini kwamba asiyechangia sabuni hatayapata. Hapo nakuomba unisikilize kama mwanafunzi. Imani yao ilikuwa na ukweli ndani yake, lakini ilikuwa ya nusu, kwa sababu mara nyingi sabuni ilikuwa ya mtu mmoja, ilhali brashi na wembe vilipita kutoka uso hadi uso. Jimbo la Minnesota ndilo lililotangulia kuwataka vinyozi wawe na leseni, mwaka 1897, na shule ya kwanza ya vinyozi ilikuwa imefunguliwa Chicago miaka minne kabla na A. B. Moler, kwa kuwa ilikwisha kuonekana kwamba usafi wa dukani unataka kufundishwa na hauji kwa kupanga vikombe vizuri ukutani.

Nilijifunza hilo kwa uchungu. Nilipokuwa kijana wa miaka 19, katika duka moja la Kariakoo nililofundishiwa kazi, tulikuwa na mashine moja, kitana kimoja na brashi moja kwa wateja wote, na spiriti ilipokwisha tuliendelea kunyoa hivyo hivyo. Siku moja mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka sita, nikamnyoa mimi. Baada ya siku kadhaa alirudi naye, kichwa kimejaa mapunye, akamvua mtoto wake kofia mbele yangu na mbele ya watu, na hakusema neno lolote. Kimya cha mama yule nimekaa nacho maisha yangu yote. Tangu siku ile sijagusa kichwa cha mtu kwa chombo ambacho sijakisafisha mwenyewe, hata kama mwenye duka alinikaripia kwa kupoteza muda na spiriti.

Kuna jambo jingine ambalo nikiliruka nitakuwa nimekuficha. Kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya vinyozi bora wa Marekani walikuwa Weusi, wengine waliozaliwa utumwani, na katika miji mingi ya Kusini maduka yao mazuri kabisa yalinyoa Wazungu peke yao, kwani Mzungu hakukubali kukaa kiti alichokikalia Mweusi. Kinyozi alishika wembe kwenye koo la mtu ambaye nje ya duka asingempa mkono, na ndugu yake mwenyewe hakuweza kumnyoa pale. Hili linaniuma kila ninapoliwaza. Hata hivyo wapo waliojenga kwa wembe huo mambo ambayo hayajaporomoka. Alonzo Herndon alizaliwa mtumwa huko Georgia mwaka 1858. Akawa na maduka kadhaa Atlanta, na lile la mtaa wa Peachtree lilikuwa na viti zaidi ya 20, marumaru na taa za vioo zinazoning'inia. Katika ghasia za mwaka 1906, Wazungu walipowavamia Weusi mjini, duka lake lilivunjwa vioo, na katika duka jingine ng'ambo ya barabara vinyozi waliuawa. Naye ndiye aliyekuwa ameanzisha, mwaka mmoja tu kabla, kampuni ya bima iliyokuja kuitwa Atlanta Life, iliyowakatia bima Weusi waliokataliwa kwingine. Kule Durham, North Carolina, John Merrick, kinyozi mwingine aliyezaliwa utumwani, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa North Carolina Mutual mwaka 1898. Na mwaka 1926, mwaka mmoja kabla Herndon hajafariki, baraza la mji wa Atlanta lilipitisha sheria ya kuwakataza vinyozi Weusi kuwahudumia wanawake na watoto wa Kizungu. Ukikishika kikombe hiki usisahau kwamba sijui dole gumba lililoufuta mstari ule wa dhahabu lilikuwa la rangi gani.

Mwisho wa vikombe ulikuja kwa wembe mdogo. Mmarekani mmoja aitwaye King Gillette alipewa hataza ya wembe wake wa kubadilisha mwaka 1904. Mwaka uliotangulia alikuwa ameuza mashine za kushikia wembe 51 tu na nyembe 168. Marekani ilipoingia Vita Kuu ya Kwanza, serikali iliagiza mashine zipatazo milioni 3.5 kwa ajili ya askari, kila mmoja ajinyoe mwenyewe huko vitani, na waliporudi nyumbani walirudi nazo. Kinyozi alibakiwa na nywele. Kishubaka kimoja kikawa kitupu, kisha cha pili. Baadhi ya wenye vikombe walikuja kuvichukua, wengine walikuwa wamekufa na wajane wao wakapewa, na vingine vilibaki pale pale mpaka duka lilipofungwa na kila kitu kuuzwa.

Kwa kuwa najua utapenda kutafuta vingine, nikuonye kidogo. Vipo vya kughushi vingi. Pitisha ncha ya kidole juu ya jina: rangi iliyopakwa kwa mkono ina kimo, utaihisi, mchoro wa kubandika ni laini kabisa, na ukiutazama kwa kioo cha kukuzia utaona vitone vidogo kama vya picha ya gazeti. Dhahabu ambayo haijachakaa popote itilie shaka, kwa maana kikombe kilichotumika kila wiki lazima kichakae pale mkono unapogusa. Hiki changu nimekipima hivyo na nimeridhika nacho. Kikioshe kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa laini, usikiweke juani wala usikisugue kwa dawa yoyote, na tafadhali usikitumie kuwekea kalamu.

Sasa nije kwenye zile mashine saba. Usiwaambie waje wazichukue. Najua tangu miaka ile ukimwi ulipowatia watu hofu ya nyembe na mashine za watu wote, wateja wengi kwetu walianza kubeba za kwao, na vinyozi wengine waliona wametukanwa. Mimi mwenyewe niliwahi kuona hivyo. Lakini mtu anayeiacha mashine yake kwako anakwambia kwamba atarudi, na kwamba haogopi utaitumia kwa mwingine akiwa hayupo. Amekupa amana, nawe unaisukuma kwa goti ili droo ifunge.

Mtafute seremala akutengenezee kabati la vishubaka 20, la mbao za mninga ukiweza, kila kishubaka kiwe na upana wa sentimita 18, kimo cha sentimita 14 na kina cha sentimita 20, kwa vipimo vya mashine ulizonitumia kwenye picha. Na nyuma aache matundu ya hewa ili mashine zisishike unyevunyevu wa ziwa. Jina la kila mwenye mashine liandikwe na mchora mabango mwenye mkono mzuri, kwa rangi, na usibandike karatasi. Yule mvuvi uliyeniambia habari zake mchoree mtumbwi, na yule mwalimu mzee muulize anapenda nini. Kila mashine isafishwe kwa spiriti mbele ya mwenyewe kabla na baada, ingawa ni yake peke yake, na usimpe mtu mwingine hata akikubembeleza kwa dakika tano. Gharama ya seremala nitakutumia mwisho wa mwezi.

Kikombe kiweke katika kishubaka cha juu, upande wa kushoto, mbali na feni. Watu watakuuliza ni cha nani. Wasomee lile jina, uwaambie alikuwa dereva wa garimoshi na kwamba bado hajaja kukichukua.

Mama yako anakwambia ule vizuri, na umfikishie shangazi yako salamu zetu. Nitumie picha ya kabati likishakamilika, kabla hujaweka chochote ndani yake, na nyingine baadaye.

Ni mimi baba yako.